Sekunde Moja kwa Uru

Anselmi tulimzika Jumamosi, kwenye kihamba chake, shamba la ukoo lake huko Uru, kati ya migomba na mibuni ambayo siku hizi haizai kama zamani. Nilichelewa kufika, nikasimama nyuma kabisa pamoja na wanakwaya, na kutoka pale nikasikia wasifu wa marehemu ukisomwa na mpwa wake kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Alizaliwa, alibatizwa, alisoma mpaka darasa la saba na baadaye kozi ya kupiga chapa, alioa, alijaliwa watoto wawili. Kisha mpwa akasoma: "Kwa muda wa mwaka mmoja alifanya kazi ya mitambo ya mawasiliano." Akageuza karatasi, akaendelea na habari za ng'ombe wa maziwa na jumuiya ndogondogo. Waombolezaji hawakuona jambo lolote la ajabu hapo. Mimi nilitazama viatu vyangu, maana ule mwaka mmoja ulipaswa kuwa miaka mingi, na aliyeukata ni mimi. Katika sura zilizotangulia za kumbukumbu hizi nimejisifu vya kutosha, hata pale ambapo sikustahili. Hii nimeiahirisha mara nyingi, na sasa naiandika kwa aibu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Biashara huria ilikuwa imeingia Moshi na kila mtu alikuwa anafungua kitu: huyu duka la mitumba, yule ofisi ya kupandisha watalii mlimani, mwingine ananunua kahawa kwa wakulima kabla chama cha ushirika hakijaamka. Kampuni moja ya Dar es Salaam nayo ikafungua tawi la barua pepe, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la pembejeo. Nikaajiriwa hapo nikiwa na miaka ishirini na minne na cheti cha kompyuta nilichokitunza kama hati ya kiwanja. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa kioo. Upande wa pili wa kioo zilikaa mashine, na kiyoyozi kilikuwa chao. Sisi watu tulikaa upande wa huku na madirisha wazi, tukivuta harufu ya dawa za mibuni kutoka chini na kusikiliza wanunuzi wa kahawa wakibishana bei kwenye ngazi. Saa saba mama mmoja wa Rau alituletea mtori ndani ya chupa kubwa ya chai, ukimiminwa unatoka mvuke, tukaunywa kwa vikombe tukiwa tumesimama. Sijapata tena kuwa na hamu ya kazi kama niliyokuwa nayo mwaka ule. Niliamka nikifikiria mitambo na nililala nikifikiria mitambo, na sikujua kwamba mtu anaweza kuipenda kazi yake kupita anavyowapenda watu anaofanya nao kazi.

Vituo vyetu vilikuwa tisa. Vya karibu, kama Rau, viliunganishwa kwa waya wa simu. Vya mbali, ambako waya haukufika, viliunganishwa kwa redio: kompyuta kuukuu, kisanduku cha kugeuza maandishi kuwa mlio, redio, na antena juu ya mti mrefu kuliko yote ya karibu. Kila kituo kilikuwa na mhudumu aliyepiga chapa barua za watu, akazituma mjini, akachapa kwenye karatasi zile zilizorudi. Kituo cha Uru kilikuwa cha Anselmi. Kilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha ghala la kahawa lililokuwa limeanza kukaa tupu, na nilipokwenda kukikagua mara ya kwanza nilikuta foleni ya wazee kwenye benchi, kila mmoja na barua yake ya mkono kwa mtoto aliye Dar au ng'ambo. Anselmi alikuwa ananizidi miaka kama kumi, mrefu, mpole, na vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi ya shamba lakini vinaruka juu ya vibonye bila kukosea. Alisoma kila barua kwa sauti kabla ya kuituma, ili mwenye nayo athibitishe. Nakumbuka bibi mmoja alimkatiza akasema, "Hapo ondoa. Usimwambie kwamba nimeuza ng'ombe, atajisikia vibaya." Anselmi akaondoa, akasoma tena. Mchana mkewe alituletea kiburu, ndizi na maharage vimepondwa pamoja, na mtoto wao Deo amefungwa mgongoni. Tulikula palepale mezani. Anselmi alikuwa anatafuna huku kidole chake kikigusa kibonye kila baada ya dakika chache.

"Kaka Anselmi, si upumzike ule," nikamwambia.

"Nikiiacha inalala, dada," akajibu. "Na ikilala, mjini wanasema nimekwenda kulima."

Hilo ndilo nililopaswa kulishika. Vituo vya mlimani vilitumia betri ya gari, kwa hiyo kompyuta zao tulizipanga zijizime zenyewe kama dakika kumi zingepita bila kibonye kuguswa. Mashine iliyolala haijibu. Kwa hiyo kule ofisini tuliona ni jambo la wazi kabisa: kituo kisipojibu, mhudumu ama ametoka, ama amelala usingizi.

Meneja wetu, Bwana Kassimu, alikuwa mtu wa Pwani, mstaarabu, mwenye lugha tamu hata anapokukaripia. Malalamiko ya barua kuchelewa yalipozidi aliniita akasema, "Aikande, nataka kujua nani anafanya kazi na nani anatuchezea." Nikamtengenezea programu. Niliipa jina Hodi, kwa sababu ndiyo kazi yake: kompyuta ya mjini inatuma neno fupi kituoni, ya kituoni inalirudisha, na likirudi tunajua kuna mtu. Kila robo saa Hodi ilipita vituo vyote tisa, ikabisha mara tatu kila kimoja, kisha ikaandika YUPO au HAYUPO. Sasa, anayebisha hodi lazima aamue atasubiri kwa muda gani kabla hajageuka kwenda zake. Mwenyeji anaweza kuwa jikoni, anaweza kuwa anamwosha mtoto. Kwenye programu yangu uamuzi huo ulikaa kwenye mstari mmoja karibu na juu, namba tupu. Niliandika moja. Sekunde moja, kwa vituo vyote.

Nimeulizwa na vijana mara nyingi kwa nini watu huchagua namba mbaya, nami huwapa maelezo marefu ya kitaalamu. Ukweli wangu ni mfupi. Siku ya kumwonyesha meneja nilitaka orodha ijae upesi. Nilipojaribu sekunde tano, kituo kimoja kilichozimwa kilitosha kuifanya skrini isimame kama imekufa, na nilijua Bwana Kassimu angetazama saa yake. Kwa sekunde moja majina yaliteremka haraka kama mtu anayesoma mahudhurio ya shule. Nilijaribu Rau, ikajibu kabla sijapepesa jicho. Nilijaribu Uru mapema asubuhi, ikajibu ndani ya sekunde, kwa kubanabana lakini ikajibu, na hilo likaniridhisha. Sikujiuliza ingekuwaje saa nne, benchi la wazee likiwa limejaa. Meneja akapiga makofi. Akasema programu hii itakwenda matawi yote, na mimi nitakwenda Nairobi kwa kozi ya miezi sita. Nilishuka zile ngazi siku hiyo nikiwapita wanunuzi wa kahawa bila kuwasalimia.

Ripoti ya wiki tatu ilipotoka, vituo vingi vilikuwa na madoa mawili matatu. Uru ilikuwa imeoza. Kila siku ya kazi, kuanzia saa tatu hadi karibu saa saba, HAYUPO ilifuatana na HAYUPO. Saa saba hadi saa nane, YUPO. Alasiri HAYUPO tena. Bwana Kassimu alitusomea wakati wa mtori. "Huyu Anselmi wenu ni mtu wa ajabu," akasema. "Kazini haonekani, lakini ikifika saa ya chakula mtambo unamwona." Chumba kizima kilicheka. Na mimi nilicheka. Nataka liandikwe hivyo, kwamba nilicheka, tena mtori ulinipalia.

Jumanne meneja akamwandikia barua ya kujieleza. Jioni ileile nikapokea ujumbe kwa redio, umeandikiwa mimi: "Dada Aikande, nimepata barua ya meneja. Mimi nakumbuka nilikuwepo siku hizo zote. Ila kama mtambo umeona sikuwepo, labda nasinzia bila kujitambua. Naomba unishauri." Niliusoma mara mbili. Nikafungua daftari la barua zilizopita, ambalo mashine ililiandika yenyewe, kila barua na saa yake. Kutoka Uru barua zilikuwa zimemiminika kuanzia saa tatu hadi saa saba, kila siku, mfululizo. Mtu aliyelala angezipigaje chapa?

Kesho yake saa sita, wenzangu waliposhuka kununua soda, nilibaki. Nikangoja mpaka nikaona barua ya Uru inaingia, nikafuta ile moja, nikaweka tano, nikabisha hodi. Sekunde moja ikapita, ya pili ikapita, na katikati ya ya tatu Uru ikajibu. Nikarudia. Ikajibu tena, safari hii karibu sekunde nne. Redio yetu ilikuwa njia moja nyembamba, na barua zikiwa zinapita, hodi yangu ilipanga foleni nyuma yake na kungoja zamu. Kwa maneno mengine, kila Anselmi alipofanya kazi ndipo mtambo wangu ulipomwandika hayupo, na kadiri alivyoikazania ndivyo alivyopotea. Walisalimika wavivu wa vituo vingine, waliogusa kibonye mara mojamoja huku redio zao hazina la kufanya. Nilikaa mbele ya ile namba. Nilisikia wenzangu wanapanda ngazi wakitaniana. Nikafuta tano, nikarudisha moja. Kisha nikamjibu Anselmi: "Njoo tu kesho, kaka. Tutaongea."

Nimejitafutia visingizio vingi kwa tendo lile la kufuta tano. Kwamba nilitaka kwanza kuhakikisha. Kwamba ningemweleza meneja faraghani, baadaye, kwa utaratibu. Lakini nilijua nilichokuwa nakilinda. Wahudumu wengine wawili walikwisha kupewa onyo kwa ripoti ileile, barua ya kusifu Hodi ilikwisha kwenda Dar, na jina langu lilikuwa kwenye orodha ya Nairobi. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya mtu mmoja mwenye lugha tamu. Wazee wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa vizuri tu, nikapanda cheo juu ya cheo, ndiyo maana methali ile hainifariji.

Alhamisi Anselmi alishuka amevaa koti lake la kanisani. Alitusalimu wote, akaingia kwa meneja, na mimi nikaitwa kwa sababu ndiye mwenye mtambo. Mkononi alikuwa na jani la isale, lile refu la kijani tunalolipanda mipakani mwa vihamba, amelifunga fundo. Akaliweka juu ya meza kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja. Bwana Kassimu akalitazama, akanitazama.

"Hili ni nini, Aikande?"

Msomaji wa mlimani hahitaji kuelezwa, lakini wa kwingine aelewe hivi. Kwetu mtu akikuletea isale, ugomvi umekwisha. Haijalishi nani alianza, na wala si kukiri kosa kama mahakamani. Hata asiyejua alichokosa hulipeleka, ili jambo lisiote mizizi. Na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Hata aliyeuliwa ndugu yake, akiletewa isale hukaa chini akazungumza. Anselmi hakuwa amekuja kusema amekosa. Alikuwa amekuja kuliweka jambo mahali ambapo watu wawili wazima wanaweza kulitazama bila hasira, na aliniamini mimi, mtu wa mlima huuhuu, kumweleza mgeni.

"Anaomba msamaha, bwana," nikasema.

"Basi amekiri," akasema meneja, kwa upole kabisa.

Anselmi akaniambia kwa Kichagga kwamba nimweleze vizuri. Kichagga chao cha Uru na chetu cha Machame vinapishana, lakini nilimwelewa kila neno. Nikasema, "Anasema anasikitika." Sijui kama alielewa nilichofanya. Alinitazama kidogo tu, bila ukali, kisha akageukia meza akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Mimi nakumbuka nilikuwepo, mzee. Lakini siwezi kubishana na mtambo. Kama umeona sikuwepo, basi kuna saa sijijui."

"Msamaha nimekupa, kaka yangu," Bwana Kassimu akamwambia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Kazi ni jambo lingine."

Akatoka na bahasha ya kuachishwa kazi. Jani lilibaki mezani mpaka mfagiaji alipolitoa pamoja na magazeti. Jumatatu yake, bila kumwambia mtu, nilibadili moja ikawa tano. Kijana mgeni aliyepelekwa Uru hakuwa na nusu ya kasi ya Anselmi, wazee walikuwa wanalalamika kwamba yeye hawasomei barua zao, lakini ripoti yake ilijaa YUPO kutoka juu hadi chini. Meneja akaniletea karatasi ile mezani kwangu. "Unaona?" akasema. "Sasa tumepata mtu wa kazi." Mwezi uliofuata nikapanda basi la Nairobi.

Leo katika kazi hii wananiita Mama Subiri, na wanadhani ni utani. Kijana akiniletea programu ya kukagua mtandao, ninauliza kwanza inasubiri muda gani, na muda huo ameupima wapi, na saa ngapi, na njia ikiwa na shughuli au ikiwa tupu. Ninamkataza kuandika "hayupo" pale anapojua tu kwamba hakujibiwa. Wanaandika maneno yangu kwenye madaftari yao. Sijawahi kuwaambia niliyajulia wapi. Miaka ile yote nilipita Moshi mara nyingi, na Uru ni mwendo mfupi tu kutoka mjini, lakini kila safari nilikuwa na haraka ya kwenda mahali pengine.

Siku tatu baada ya maziko, watu walipokwisha kutawanyika, nilipanda tena Uru asubuhi. Mama Deo alikuwa nje ya jiko anamenya ndizi, amejifunga kanga nyeusi. Alinipa kigoda, nikakaa, nikachukua kisu nikamenya pamoja naye, na nikamweleza yote. Ile namba, ile saa sita, lile jani. Sikulia, kwa sababu niliona kilio kingekuwa namna ya kumwomba anionee huruma. Alinisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza akamalizia ndizi iliyokuwa mkononi, akaitia sufuriani.

"Kwa hiyo hakuwa na ugonjwa," akasema.

"Ugonjwa gani, Mama Deo?"

"Wa kupotea." Akaweka kisu chini. "Alisema kichwa chake kinazimika na hajijui. Alikwenda hospitali, hawakuona kitu, akasema mashine yao haijui, ya ofisini ndiyo iliyoona. Akaacha kupanda miti. Pikipiki akaiuza. Huyu binti yetu, mtoto wa pili, hakuwahi kumbeba wakiwa wawili tu, anasema, 'Nitamwangusha.' Na kila jioni, dada, miaka yote hii, ananiuliza, 'Mama Deo, leo nilikuwepo?' Namwambia ulikuwepo, Baba Deo, nilikuona. Anaitikia, lakini nilijua haniamini mimi. Aliamini ile karatasi."

Nilikuwa nimedhani nilimnyang'anya kazi tu.

"Kuna mwingine anayeyajua?" akauliza.

"Hapana. Wewe wa kwanza."

Akaokota kisu, akachukua ndizi nyingine, akaigeuzageuza mkononi asiimenye. "Deo amepata mtoto mwezi wa tatu," akasema. "Hambebi. Anasema ugonjwa wa baba uko kwenye damu. Yuko kule kaburini anapanga mawe. Nenda umwambie kama ulivyoniambia mimi, usiruke hata kimoja."

Nikainuka nikapita kati ya migomba. Deo alikuwa amechuchumaa, mrefu kama baba yake, anachagua mawe kwa ukubwa. Aliposikia majani yakichakacha miguuni pangu aligeuka, akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, mama," akasema. Nilifungua kinywa, marahaba ikakataa kutoka, na yeye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akabaki amesimama pale ananisubiri.